Ya Soda

Katika mji wetu wa Kahama kuna neno dogo ambalo kila mtu hulitumia na aghalabu hakuna anayelichunguza. Neno lenyewe ni "ya soda". Mtu akibebewa gunia la mchele, akizibiwa pancha ya baiskeli au akifuliwa nguo, hutoa malipo, kisha huongeza noti nyingine na kusema, "Haya, na hii ya soda." Mpokeaji huinama kidogo, huipokea kwa mikono miwili, na akiwa ni Msukuma hujibu, "Wabeja." Wote wawili huachana wakiwa na furaha. Je, kuna ubaya gani hapo? Hilo ndilo ninalotaka kulihakiki katika kurasa hizi chache, na ni vema msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Neno la zamani la jambo hili ni bakshishi. Asili yake ni Kiajemi, na kiini chake ni kutoa, yaani kutoa kitu kisichodaiwa. Tuikumbuke maana hiyo, kwa sababu makosa yetu yote yanaanzia pale tunapoisahau.

Watu ninaowazungumzia si watumishi wa ndani wanaolala na kula kwa mwajiri. Ni akina mama wanaojitegemea, ambao hutoka Nyasubi, Majengo au Mhongolo asubuhi na mapema, kila mmoja akiwa na nyumba zake nne au tano za wiki. Jumatatu anafua hapa, Jumanne anapiga deki kule. Hana mwajiri mmoja, hana mkataba, hana likizo. Akiugua, siku hiyo haina malipo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa kawaida wa nyumbani, na shilingi 120,000 kwa yule asiyelala kwa mwajiri. Lakini huyu mama wa nyumba tano ni mtumishi wa nani? Kila mwenye nyumba atasema si wake. Machoni pa watu yeye ni mtu aliyejiajiri, na bei yake ni ile anayoweza kuitetea kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni pa mtu.

Wapo wasemao kwamba mtu wa namna hiyo hastahili bakshishi. Mhudumu wa hoteli, wanasema, anapangiwa mshahara na tajiri, kwa hiyo mteja amwongezee; bali aliyejiajiri anapanga bei yake, na ndani ya bei ameshajiwekea faida. Hoja hii ina nguvu, na ningeikubali kama ingekuwa kweli kwamba ni yeye anayepanga bei. Nithubutu kusema kwamba kwetu aghalabu bei hupangwa na mwenye nyumba. Yeye huuliza, "Jirani unamlipa ngapi?" na huo ndio huwa mwisho wa mapatano.

Mimi nilikuwa mmoja wa wenye nyumba hao. Kwa miaka minne mama mmoja alikuja kwangu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kwa shilingi 5,000 kwa siku. Alifua, alipiga deki, alipangusa vumbi ambalo katika mji huu halimaliziki. Hakuwahi kuvunja hata kikombe. Siku moja kabla ya Krismasi, wageni wakiwa sebuleni, nilimwita na kumkabidhi shilingi 20,000. Wageni walinisifu. Mmoja alisema kwamba watu kama mimi wamebaki wachache, nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye moyoni.

Januari akaja, akaniamkia kama kawaida, kisha akaniambia kwa upole kwamba unga umepanda, sabuni imepanda, naye anaomba siku iwe shilingi 7,000. Nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mama, si juzi tu nimekupa elfu ishirini?"

Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Mwalimu," alisema, "ile ilikuwa zawadi, na nilishukuru. Leo nimekuja kuzungumza bei."

Nikamwambia tutaangalia. Alimaliza kufua, akaanika, akafunika ndoo. Alhamisi hakuja, na Jumatatu iliyofuata hakuja.

Nilikasirika kwa siku kadhaa, nikamwita moyoni mwangu mtu asiye na shukrani. Kisha, kwa kuwa nilifundisha hesabu miaka mingi, nikachukua kalamu. Shilingi 2,000 za nyongeza, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 52, ni shilingi 208,000. Kumbe nilitaka kuzima dai la shilingi 208,000 kwa zawadi ya shilingi 20,000, na juu ya hapo nibaki na jina la ukarimu! Mchuuzi yeyote wa sokoni angeona aibu kwa biashara ya namna hiyo.

Ndipo nilipoanza kuitazama upya ile "ya soda". Niliona kwamba mkononi mwangu haikuwa zawadi hata kidogo, bali kizibo cha mdomo. Aliyepokea jana huona haya kudai leo. Kadiri zawadi inavyotolewa hadharani, ndivyo haya inavyozidi.

Wazanzibari wana kitabu kinacholieleza jambo hili kuliko niwezavyo mimi. Katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, yumo Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana wake na kumtumikia kwa moyo wote, naye hulipwa matusi. Tulipokuwa tukikisoma, wengi wetu tulimchukia Fuad na hatukujiona ndani yake hata kidogo. Sisi si mamwinyi, hatuna makasri, wala hatumtukani mtu. Lakini jambo linalomfunga Kijakazi si matusi. Kinachomfunga ni kule kuamini kwamba chochote apewacho ni hisani. Mtu anaweza kujengewa imani hiyo kwa maneno matamu pia, na kwa soda.

Hata taifa letu liliwahi kujadili jambo la jamaa moja na hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Wakirimu walijitetea kwamba ni mila ya Mwafrika kumkirimu mgeni. Mila ni kweli ipo. Lakini anayekirimu ili asiulizwe swali hakirimu, ananunua.

Na tukitaka mila, tunazo zilizo bora. Katika vijiji vya Usukumani, vikundi kama Bagobogobo wamelima kwa ngoma na majembe, na mwenye shamba aliyeita watu kulima alijua kwamba wataondoka wameshiba. Chakula kile hakikuwa hisani. Kilikuwa sehemu ya mapatano, na asiyepika alijulikana kijiji kizima. Furaha na nyimbo vilikuja juu ya mapatano, havikuja badala yake.

Nimewasikia pia wakiusifu wakati wa mgodi. Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, ulizalisha dhahabu tangu 2009 hadi 2021, na katika miaka hiyo wapangaji wenye mishahara mizuri walitoa "ya soda" za kushangaza. Wengine waliacha chenji yote mezani. Mgodi ulipofungwa, wapangaji wengi walihama na soda zao. Aliyekuwa amepandisha bei yake alibaki na bei ya kuanzia mazungumzo. Aliyetegemea chenji alirudi palepale alipoanzia.

Je, ninasema tuache bakshishi? La hasha! Mkono mkavu si dawa. Ninasema tu kila kitu kikae mahali pake. Kwanza bei, ikubaliwe na pande mbili na kuangaliwa upya kila mwaka bila mama wa watu kulazimika kuomba. Pili, kazi iliyozidi mapatano ilipwe kama kazi: mablanketi ya wageni wa msiba, au mapazia baada ya kupaka rangi, si jambo la soda. Tatu, nguo kuukuu na kiporo visihesabiwe kuwa malipo. Nne, mtu akiugua, nyumba zake zimkumbuke, kwa maana ni mikono ile ile tuliyoitumia tulipokuwa wazima. Yote haya yakishatimizwa, atakayetaka kutoa atoe, na atoe faraghani, bila wageni wala hotuba.

Nilimtuma kijana wa jirani ampelekee salamu na kumwambia kwamba siku ni shilingi 7,000. Alikuja baada ya wiki mbili. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba Alhamisi ameshaitoa kwa nyumba nyingine huko Malunga, iliyobaki ni Jumatatu. Alhamisi napiga deki mwenyewe, na mgongo wangu umenifunza kwamba hata hizo 7,000 si nyingi.

Pasaka iliyofuata nilimfuata jikoni akiwa anasuuza vikombe. Nilimpa malipo ya siku, halafu noti nyingine pembeni, nikanyamaza. Alihesabu kwanza yale malipo, akayafunga kwenye pindo la kanga. Ndipo akaipokea ile nyingine.