"Amana" si "Arbuni"

Mafundi wengi siku hizi huandika makadirio ya gharama kwa programu za kompyuta badala ya daftari la nakala mbili. Programu hizo humwezesha fundi kudai sehemu ya fedha kabla kazi haijaanza: hutaja asilimia au kiasi, mteja akiyakubali makadirio hulipa, na fedha hizo hukatwa katika ankara ya mwisho. Jambo lenyewe si geni. Geni ni jina lililopewa. Katika tafsiri moja ya Kiswahili niliyopata kuitazama, kitufe kimeandikwa "Omba Amana".

Mfasiri, bila shaka, alilikuta neno hili benki akalihamisha kama lilivyo. Kiingereza hutumia neno moja kwa fedha iwekwayo benki na kwa fedha ya kushika kazi. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Amana ni mali ya mwekaji. Aliyepewa huitunza asiiguse, na mwenyewe ajapo kuitaka hurudishiwa. Sasa mtazame seremala aliyepokea shilingi 300,000 kwa kabati la shilingi 1,000,000. Kesho yake hununua mbao na gundi kwa fedha zile zile, na ndivyo walivyopatana. Kwa mujibu wa kitufe kile, seremala huyu amekhini amana. Mteja naye akighairi ataidai mpaka senti ya mwisho, kwani hati aliyo nayo mkononi yasema hivyo. Hapa suala si ufasaha tu; ni fedha kuwa ya nani.

Lugha yetu inalo neno arbuni, ambalo wengine hulitamka arabuni au rubuni: fedha atangulizayo mnunuzi ili kufunga mapatano, ikahesabiwa katika bei. Wasomaji wa Biblia wamelikuta katika Waraka kwa Waefeso. Wanafunzi wa fikihi wanalijua kwa mjadala wake: je, mnunuzi akighairi, muuzaji aizuie? Madhehebu ya Hanbali huruhusu. Ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, hukataa. Kwa hiyo hata arbuni haimalizi ugomvi peke yake, ila huuweka mahali pake, yaani katika masharti ya mapatano.

Wapo watakaosema neno hili limechakaa, na kwamba vijana watalichanganya na kitenzi rubuni, yaani kulaghai. Hofu hiyo si ya bure, na ndiyo sababu napendelea umbo arbuni lisanifiwe, rubuni liachiwe kitenzi. "Advansi" la mitaani limekwisha kushikwa na mishahara. "Malipo ya awali" si kosa, lakini ni pana mno: hata kodi ya nyumba ya miezi sita ni malipo ya awali. "Kianzio" ningelikubali upesi zaidi, maana wateja hulielewa; upungufu wake ni kwamba halisemi lolote juu ya kufungwa kwa mapatano. "Dhamana" isifikiriwe kabisa.

Kitufe basi kiandikwe "Dai Arbuni", na chini ya kiasi paongezwe sentensi moja ya kueleza kama fedha hiyo itarudishwa au haitarudishwa mteja akighairi. Katika hati niliyoiona, nafasi hiyo ilikuwa tupu. Programu hiyo hiyo imeyaita makadirio "nukuu", kana kwamba fundi alikuwa akidondoa maneno ya mtu. Hilo naliacha kwa toleo jingine.