Kitabu cha Kuwafunza Wanasheria Kuandika Wazi

Kitabu cha Richard Wydick, Plain English for Lawyers, kilichotolewa Marekani mwaka 1979, twakisifu: ni chembamba, na mazoezi yake humzoeza mwanafunzi wa sheria kufuta maneno ya ziada na kumtaja mtenda. Mkataba usemapo “paa litatengenezwa”, mpangaji humngoja mwenye nyumba, na mwenye nyumba humngoja mpangaji, nayo mvua haimngoji mtu.

Lakini kwetu kina upungufu. Kwa Kiingereza kauli ya kutendwa huongeza maneno, na mwenye kuyahesabu huiona. Kwa Kiswahili huongeza sauti moja tu, w, ikapita kimya. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania. Basi kukifasiri kitabu hiki hakutoshi. Yatupasa kutunga mazoezi yetu wenyewe.