Kebo Imeshikwa na Nani? USB Ndani ya Kompyuta Pepe

Gereji zilizo kando ya barabara ya Nakuru–Nyahururu, pale Bahati, huishi kwa Toyota. Probox huteremka kutoka Subukia zikiwa zimejaa abiria na magunia, Noah na Fielder huletwa taa ya injini ikiwa imewaka, na fundi wa siku hizi hawezi kumaliza kazi kwa spana na sikio peke yake. Lazima azungumze na kompyuta ya gari. Chini ya usukani kuna tundu la OBD-II lenye pini 16. Fundi huchomeka kebo hapo, na ncha ya pili huingia kwenye USB ya laptopu.

Kebo iliyoenea sana kwa Toyota ni ya aina ya Mini-VCI, inayotumiwa pamoja na programu ya Techstream ya Toyota yenyewe. Draiva ya kebo hiyo iliandikwa kwa Windows ya biti 32. Laptopu inayouzwa leo mjini Nakuru, iwe mpya au ya mtumba, karibu kila mara ina mfumo wa biti 64, na kisakinishi cha draiva kinagoma. Wako wanaochokora rejista ya Windows mpaka kikubali. Njia iliyo safi zaidi ni kutumia kompyuta pepe: programu kama VirtualBox inaunda ndani ya laptopu kompyuta nyingine kamili, nayo inawekewa Windows XP au Windows 7 ya biti 32. Laptopu yenyewe tuiite mwenyeji, na ile ya ndani tuiite mgeni.

Mpango huo ni mzuri na unafanya kazi. Shida huanza kebo inapochomekwa na mgeni asione kitu. Hapo fundi husakinisha draiva upya, kisha hubadilisha kebo, kisha hufuta Windows yote na kuanza tena, huku mwenye gari amekaa kwenye benchi akihesabu safari zinazompita. Nimefuatilia hitilafu za namna hii kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba nyingi hutatuliwa na swali moja linalopaswa kuulizwa kabla ya kusakinisha chochote: wakati huu, kebo imeshikwa na nani?

Kifaa cha USB ni kama shamba lenye hati moja: hakiwezi kuwa na wenyewe wawili kwa wakati mmoja. Ukichomeka kebo, mwenyeji ndiye anayeikuta kwanza. Anaiuliza jina, inajibu kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya bidhaa, kisha mwenyeji anaipa draiva anayoona inaifaa. Ili ifike kwa mgeni, VirtualBox lazima iiondoe hiyo draiva ya mwenyeji, ishike kebo yenyewe, halafu ionyeshe kwenye kidhibiti cha USB cha kuigiza kilicho ndani ya mgeni. Mgeni naye huona kana kwamba kebo imechomekwa sasa hivi, anaiuliza jina upya na kutafuta draiva yake. Kukwama kunaweza kutokea kwenye hatua yoyote kati ya hizo, na dalili inayoonekana kwenye skrini ya mgeni ni ile ile: hakuna kitu.

Kwa hiyo anza kwa mwenyeji. Kwenye laptopu ya Ubuntu, fungua dirisha la amri uandike lsusb. Kebo nyingi za aina hii hubeba chipu ya FT232 ya kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, na kwa kawaida utaona mstari wenye 0403:6001. Namba 0403 ni ya FTDI, 6001 ni ya chipu. Usipouona mstari huo, iache kompyuta pepe kabisa, haina kosa. Andika sudo dmesg na usome mistari ya mwisho. Ukikuta maneno device descriptor read/64, error -71, kebo na laptopu zimeshindwa kuelewana hata kwa salamu ya kwanza. Mara nyingi chanzo ni waya uliochoka, tundu lililojaa vumbi au umeme usiotosha. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Ukipitisha kebo kwenye hab isiyo na umeme wake, pamoja na kipanya na modemu, vyote vinagawana umeme wa tundu moja. Waya wa USB 2.0 wenyewe haupaswi kuzidi mita 5, nami nimeona watu wakiunga nyongeza juu ya nyongeza ili laptopu ibaki mezani huku gari liko nje. Sogeza meza.

Mwenyeji akiiona, uliza nani ameishika. Amri ya VBoxManage list usbhost inaorodhesha vifaa vyote, na chini ya kila kimoja inaandika hali yake. Available maana yake kifaa ni huru. Busy maana yake mwenyeji anakitumia lakini anaweza kukiachia. Captured maana yake kimeshachukuliwa kupelekwa kwa kompyuta pepe. Unavailable maana yake mwenyeji amekishika na haachii. Neno hilo moja linaweza kukuokolea siku nzima. Kama ni Captured na mgeni bado haoni, hitilafu iko upande wa mgeni, wala usiguse tena mwenyeji. Laptopu ikiwa ya Windows, dalili nyingine ya kuchukuliwa ni kwamba jina la kebo hutoweka kwenye Device Manager na mahali pake huandikwa VirtualBox USB.

Kwenye Ubuntu kuna kizuizi kinachowashinda wengi kwa sababu hakitoi onyo lolote. Menyu ya USB ya VirtualBox inasema hakuna kifaa, ilhali lsusb inakionyesha waziwazi. Mtumiaji hayumo kwenye kikundi cha vboxusers. Dawa ni sudo usermod -aG vboxusers ikifuatwa na jina la mtumiaji, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kuifunga VirtualBox na kuifungua tena hakutoshi, kwa sababu uanachama wa kikundi husomwa wakati wa kuingia kwenye akaunti.

Kuna pia washikaji wasioonekana. ModemManager, programu ya Linux inayotafuta modemu, hujaribu kuzungumza na bandari za mfululizo ikidhani zinaweza kuwa modemu. Katika Ubuntu 22.04, programu ya brltty, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona wanaotumia vionyeshi vya Braille, ilijulikana kwa kunyakua kebo zenye chipu ya CH340, namba 1a86:7523, kwa kudhani ni vifaa vyake. Programu hiyo ni ya heri na wanaoihitaji wanaihitaji kweli. Kwenye laptopu ya gereji ambako hakuna anayeitumia, iondoe, chomoa kebo, ichomeke upya.

Sasa tuje kwenye vichujio, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo penye mitego mingi. VirtualBox hukuruhusu kuweka kichujio cha USB ili kebo iende kwa mgeni moja kwa moja kila inapochomekwa. Ukikiunda kwa kuchagua kebo kwenye orodha, programu hujaza kila kitu: namba ya mtengenezaji, ya bidhaa, toleo, jina, hata namba ya pekee ya kebo hiyo. Kinafanya kazi vizuri hadi siku kebo inapokatika na nyingine kununuliwa. Kebo mpya ni ya aina ile ile, ina chipu ile ile, lakini namba yake ya pekee ni tofauti, na kichujio kinaikataa kimya kimya. Fundi anaamini ameuziwa kebo mbovu na kuirudisha dukani. Fungua kichujio, futa vyote isipokuwa namba mbili za kwanza, yaani 0403 na 6001. Wala usiache kichujio kitupu, kwa maana kitupu hunasa kila kitu, pamoja na kipanya na kibodi ya USB uliyotaka kukifutia.

Namba za utambulisho nazo hubadilika. Modemu za Huawei zilizoenea Kenya enzi za mwanzo za 3G zilikuwa hivyo: ukiichomeka, hujitambulisha kwanza kama CD yenye draiva ndani, kisha hugeuka kuwa modemu yenye namba nyingine ya bidhaa. Kichujio kilichoandikwa kwa sura ya kwanza huipoteza inapogeuka. Lazima viandikwe vichujio viwili.

Kisa kilichowauma wengi ni cha FTDI mwaka 2014. Chipu bandia zenye jina lake zilikuwa zimejaa duniani, na kebo za bei rahisi tunazonunua huku hazikosi kuwa nazo. Kampuni ilitoa draiva mpya, ikasambazwa kwa Windows Update, na draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia iliandika upya namba yake ya bidhaa kuwa 0000. Baada ya hapo Windows haikuitambua tena, na kichujio cha 0403:6001 hakikuwa na cha kushika. Kwa mwenye kompyuta pepe madhara yalikuja kwa mlango wa nyuma: mgeni wake wa XP hakuhusika, ila kebo huanza kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyekuwa na draiva mpya. Malalamiko yalikuwa makubwa, draiva ikaondolewa Oktoba mwaka huo huo, na watengenezaji wa Linux wakaongeza namba 0000 kwenye draiva yao ili kebo hizo zitumike. Naona kampuni ilikosea. Aliyeumia ni fundi asiye na njia ya kupasua kebo dukani na kukagua chipu, wala si aliyeighushi. Ukikutana leo na kebo kuukuu inayosoma 0403:0000, historia yake huenda ndiyo hii.

Kebo imechukuliwa lakini VirtualBox inalalamika VERR_PDM_NO_USB_PORTS? Hapo kidhibiti cha USB ulichompa mgeni hakina tundu linalolingana na mwendo wa kifaa. Wengi hukimbilia USB 3.0 wakidhani kubwa ndiyo bora. Windows XP na Windows 7 hazina draiva ya kidhibiti cha USB 3.0 ndani yake, kwa hiyo mgeni hataona hata tundu, sembuse kebo. FT232 huenda kwa megabiti 12 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kidhibiti cha USB 1.1 kinatosha kabisa. USB 1.1 ilikuwa na faida nyingine kwa mwenye biashara. Zamani USB 2.0 na 3.0 zilihitaji kifurushi cha nyongeza, Extension Pack, ambacho leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi, ya masomo au ya majaribio. Gereji ni biashara. Tangu toleo la 7.0 la Oktoba 2022, vidhibiti hivyo vimo ndani ya VirtualBox ya kawaida, kwa hiyo mwenye gereji hana sababu ya kutafuta kifurushi hicho kwa ajili ya USB tu. Guest Additions pia hazihusiki na USB, ingawa ushauri wa kuziweka hutolewa kila mahali.

Ambaye laptopu yake ina Hyper-V ya Microsoft asipoteze muda kutafuta menyu ya USB. Haina njia ya kumkabidhi mgeni kifaa cha USB cha kawaida namna hii. VMware Workstation inayo, na tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa biashara. Huko, menyu ya vifaa ikiwa tupu, angalia kama huduma iitwayo VMware USB Arbitration Service imewashwa kwenye mwenyeji.

Baada ya hayo yote, mgeni akiiona kebo na kuiwekea alama ya njano, ndipo draiva inapohusika. Kabla ya kuisakinisha, hifadhi picha ya hali ya kompyuta pepe, ili draiva mbaya ifutwe kwa kubofya mara moja. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuitunza XP Aprili 2014, mkatie mgeni huyo mtandao kabisa. Hahitaji mtandao ili azungumze na gari.

Limebaki suala la muda, na ni zito. Kila ujumbe kati ya Techstream na gari hupita kwa mwenyeji, kwa VirtualBox, kisha kwa mgeni, na kila kituo kinaongeza ucheleweshaji. Chipu ya FTDI yenyewe, isipobadilishwa, husubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kupeleka data chache ilizonazo. Kwa kusoma misimbo ya hitilafu, kuifuta, au kutazama joto la injini na vipimo vya vihisi gari likinguruma, ucheleweshaji huo unavumilika. Ujumbe ukipotea, unaulizwa tena. Kuandika upya programu ya ECU, ile kompyuta ya gari, ni jambo jingine. Mawasiliano yakikatika katikati, ECU inaweza kubaki na programu nusu, na gari la mteja halitawaka. Laptopu ikilala, mwenyeji akiamua kuinyang'anya kebo, betri ya gari ikishuka, matokeo ni hayo.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa gereji za Bahati na kwingineko ni huu: soma na ukague kwa kompyuta pepe bila wasiwasi, lakini usiandike ECU kupitia humo. Kwa kazi hiyo tenga laptopu kuukuu yenye Windows ya biti 32 iliyosakinishwa moja kwa moja, iunganishe na chaja yake, iwekee betri ya gari umeme wa kuisaidia, na usiitumie kwa jambo jingine lolote.