Kufaulu na Kuchaguliwa

Kiswahili cha shule kina vitenzi viwili ambavyo mgeni anaweza kudhani ni kimoja. Kufaulu ni kufikisha alama. Kuchaguliwa ni kupata nafasi. Kwa miaka mingi magazeti yetu yaliandika jambo lilelile kila matokeo ya darasa la saba yalipotoka: wamefaulu, wamekosa nafasi. Huku Same, ukilitaja mbele ya mtu aliyemaliza shule ya msingi miaka ya 1970 au 1980, atakuongezea neno la tatu: kwota.

Kabla ya hapo nafasi za kidato cha kwanza zilifuata alama. Kisha serikali ikaanza kuzigawa kwa mikoa na wilaya, kwa kuangalia idadi ya wanaomaliza darasa la saba, hivyo mtoto akashindana na wa kwao badala ya nchi nzima. Sababu ilikuwa ya wazi. Nchi ilirithi shule zilizosimama pale walipotua wamisionari na palipostawi kahawa: Uchaga, Bukoba, Upare. Milima hii ilikuwa na Walutheri wa Leipzig na Wasabato, waliofika 1903, wakifundisha watoto kusoma wakati sehemu kubwa ya nchi haijaona ubao.

Simulizi ya Upare kuhusu kwota ni fupi: tuliadhibiwa kwa kupenda shule. Utaisikia harusini, msibani, na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuisoma kama ninavyosoma maandishi mengine, nikitafuta kinachosemwa na kinachorukwa.

Nianze na upande wa serikali. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Nyerere anaweka kufutwa kwa ubaguzi wa rangi shuleni miongoni mwa mambo ya mwanzo yaliyofanywa baada ya uhuru. Rangi ilitajika. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ilikwenda mbali zaidi: nafasi za sekondari ziligawiwa kwa uwiano wa rangi, na makundi yakatajwa waziwazi. Bara tatizo letu lilikuwa kabila, na kabila halikutakiwa kutajwa. Basi tukasema "wilaya". Usangi, Gonja na Suji wakasikia "Wapare". Hii ni tafsida, na tafsida ina gharama yake: huwezi kubishana na jambo ambalo rasmi halijasemwa. Lawama ikahamia barazani, ikazeeka huko bila kujibiwa.

Tafsida hiyo pia ilifunika mengi. Wilaya ya Same ina Mbaga na Mamba huko juu, kwenye maji na shule za zamani, na ina tambarare za Ruvu, za wafugaji. Kwenye hesabu zote ni Same, na Same ni Kilimanjaro, mkoa "uliosoma". Mtoto wa mfugaji wa Ruvu alishindania nafasi za wilaya na mtoto wa mwalimu wa Mbaga. Kama kuna mtu ambaye kwota ilipaswa kumtafuta, ni huyo, na haikumwona. Simulizi yetu ya kuonewa haimtaji pia.

Haimtaji mama yangu mkubwa vilevile. "Nilifaulu, sikuchaguliwa," husema, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba basi limeshaondoka. Kilimanjaro ya miaka hiyo iliongoza kwa sekondari za binafsi, maana wazazi waliokosa nafasi za serikali walijenga zao. Babu alipeleka hela ya kahawa kwenye mojawapo, kwa ajili ya mjomba, ambaye alama zake zilikuwa chini ya za dada yake. Nilipomuuliza mama mkubwa nani alichukua nafasi yake, nilitegemea anitajie mkoa fulani wa kusini. Akasema, "Kahawa haikutosha."

Anayeisimulia kwota kwa uchungu kuliko wote katika ukoo wetu ni mjomba. Ana digrii.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, wenzangu kadhaa darasani walishangilia upande wa waombaji wenye asili ya Asia. "Hao ni sisi," mmoja alisema. Naelewa kishawishi hicho. Ila Jaji Mkuu John Roberts aliacha mlango: mwombaji bado anaweza kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Mtoto wetu wa darasa la saba hakupewa hata mlango huo. Alikuwa alama na wilaya, basi. (Sina hakika kwamba insha ingemsaidia. Shule za ada zingefundisha kuandika shida kwa ufasaha ndani ya muhula mmoja.)

Kinachonishangaza ni jinsi tulivyoiamini alama. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakajaa hapa Same kupinga mbiru, kodi iliyomtaka kila mtu akadiriwe mali yake. Isaria Kimambo ameandika habari zake. Walihoji anayekadiria na jinsi anavyokadiria. Wajukuu wao tunakabidhiwa kipimo cha akili na hatuulizi swali hata moja, alimradi kinatupendelea.

Shule za kata zimepunguza msongamano wa kidato cha kwanza, na ubishi umehamia kwenye shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala. Mjukuu wa mjomba anasoma shule ya msingi ya Kiingereza huko Moshi, na nyumba nzima inaitazama Ilboru. Ada ya muhula uliopita ilipungua kidogo. Aliyeijazia ni mama mkubwa, kwa tangawizi yake ya Mamba.