Dokta Remmy Alipoimba kwa Kiingereza

Albamu ya Mambo, aliyoitoa marehemu Remmy Ongala pamoja na Orchestra Super Matimila mwaka 1992 kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, haikuharibiwa na magitaa, wala haikuharibiwa na mafundi mitambo wa Uingereza, ambao kazi yao naikiri kuwa safi kuliko kanda zote tulizopata kuzisikia hapa Shinyanga. Iliharibiwa na shauri moja tu, nalo ni lile la kumtoa bingwa wa kusema na watu katika Kiswahili chake na kumtia katika Kiingereza, akaimba "No Money, No Life" na "One World" mbele ya ulimwengu uliomwita kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho. Nimeisikiliza tena mwezi huu mara nne, kwa utulivu, usiku, nikitaraji kwamba umri umenilainisha. Hasha, haukunilainisha.

Wa rika langu hawahitaji kukumbushwa jinsi albamu hiyo ilivyongojewa. Mwaka 1989 ilikuwa imetoka Songs for the Poor Man, ambayo jina lake la jaladani lilikuwa la Kizungu ilhali ndani yake mlikuwa na "Nasikitika", "Karola", "Sauti ya Mnyonge" na "Kipenda Roho". Na tangu hapo kila aliyepanda treni kwenda Dar es Salaam aliagizwa aulizie kama Dokta ametoa nyingine. Hatukuwa na duka la kuleta santuri za Ulaya. Tulikuwa na warudufu kanda, ambao kanda moja waliizalisha mia, na kila kizazi kikapoteza sehemu ya sauti za juu hata matoazi ya dramu yakasikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Kanda hizo zilipita Kahama, zikaingia Bulyanhulu siku zile za wachimbaji wadogo, zikafika Nyarugusu na Mgusu katika Geita, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, zikapigwa kwenye midomo ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kwa redio kaseti zilizofunikwa kitambaa ili vumbi la mawe yanayotwangwa lisiingie. Wimbo wa "Mambo kwa Soksi", ambao Redio Tanzania ilikataa kuupiga kwa kuwa ulihimiza matumizi ya kondomu, mimi niliusikia mara ya kwanza duarani, si mjini. Basi aliyeingoja albamu mpya kwa miaka 3 aliingoja kama mkulima wa huku anavyoitazama mbingu ya Novemba, na jina lilipotufikia kwamba ni Mambo, tukasema sasa Dokta anakuja na mambo yenyewe.

Kanda ikaja. Na humo, katikati ya nyimbo zilizotulia, ikatoka sauti ile ile nene, yenye mkwaruzo, ya mtu anayesimama mlangoni mwako akikuuliza habari za nyumbani, lakini maneno hayakuwa yetu. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa maana hii ndiyo kadhia yenyewe, na kila nikiieleza mbele ya watu huambiwa kwamba nina ubaguzi wa lugha, ilhali ninalosema ni jambo la ufundi, linaloweza kupimwa kwa sikio la mtu yeyote aliyepata kushika gitaa.

Neno la Kiswahili humalizika kwa vokali, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mwimbaji akifika ukingoni mwa mstari huwa na mlango ulio wazi, anaweza kuivuta sauti atakavyo, akaiinamisha, akaiacha ipotee polepole, na gitaa la solo likaipokea pale inapofifia bila ya kuwapo ufa baina ya vitu viwili. Jina "Kipenda Roho" lina silabi tano, zote zimefunguka. "Karola" lina tatu, zote zimefunguka. Sasa lichukue "One World". Ni silabi mbili, na ya pili imefungwa kwa konsonanti zilizorundikana kama magogo mlangoni, hata mwimbaji akitaka kuivuta hana pa kuivutia. Hulazimika ama kuikata ghafla, ama kuirefusha vokali ya kati hadi neno likapoteza sura yake. Na huko ndiko kulikotokea msiba: sauti inafika mwisho wa mstari mapema, gitaa halijawa tayari kupokea kwa sababu limezoezwa kungoja ule mkia wa vokali, na pengo dogo linabaki, la chini ya nukta moja, linalojirudia kila mstari mpaka wimbo mzima ukawa kama mtu anayechechemea kwa sababu ya jiwe dogo ndani ya kiatu. Mpiga besi analisikia, maana anajaza. Mpiga tumba analisikia, maana anaongeza pigo. Ninawasifu kwa juhudi hiyo. Walakini hawakupaswa kuifanya.

Na hilo ni la sauti tu. La maana ni zito zaidi. Remmy hakuwa mwimbaji wa nyimbo kwa jinsi walivyokuwa waimbaji wengine wa dansi. Alikuwa mzungumzaji aliyepewa bendi. Alihoji, alijijibu, alirudia neno moja mara saba na kila mara akalipa uzito mwingine, alimwendea Kifo akamsemesha kama mtu anayesemesha jirani aliyemdhulumu. Ufundi wa namna hiyo wahitaji lugha ambayo mtu anaiota usingizini. Kiswahili chake, kweli, kilikuwa na lahaja ya Kongo, kwa kuwa alizaliwa Kindu mwaka 1947 na kuingia Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mwito wa mjomba wake Mzee Makassy. Hata katika albamu hii hii wimbo mmoja umeandikwa "Inchi Yetu", na wapo walimu waliokasirika kwa ile "i" ya ziada. Mimi sikukasirika. Ile "i" ni yake, imetoka kifuani mwake, naye anapoitamka nchi inakuwa na ardhi. Lakini anapoimba Kiingereza hana "i" ya ziada wala upungufu wa kutupendeza. Ana maneno machache yaliyo sahihi, ya jumla, yanayoweza kuimbwa na mtu yeyote wa mahali popote, kwamba ulimwengu ni mmoja na kwamba pasipo fedha hapana maisha. Mtu aliyeweza kumfanya mchimbaji aliyefukuzwa dukani kwa deni ajione ni mtu kamili, hapa amefanywa mhubiri wa mabango.

Wasukuma wana kipimo cha jambo hili, nacho ni cha zamani kuliko dansi. Kila msimu wa mavuno, Bagika na Bagalu, makundi mawili yaliyotokana na mahasimu wawili wa uganga, Ngika na Gumha, husimama uwanja mmoja, saa moja, kila kundi na ngoma zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi waende upande wake. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, huzitunga nyimbo mpya kwa siri miezi kadhaa, na wapenzi wa kundi wakangoja kuzisikia kwa shauku ambayo vijana wa leo wanadhani ilianza na albamu. Pale Bujora, Kisesa, ambapo Padri David Clement alizitia ngoma hizo katika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, nimewaona watu waliotembea siku mbili ili wasikie tu ningi wao amekuja na nini. Na sijapata kumwona ningi, awe mkubwa awe mchanga, aliyeona watu wamerundikana upande wa pili akageuka kuimba kwa namna ya upande wa pili ili awavute. Akifanya hivyo amekwisha. Walio kwake watashangaa, na walio kule hawatakuja kusikia nakala ya kitu walicho nacho. Ningi mwenye akili huongeza uzito wa lililo lake, hata walioko mbali wakaona aibu kukosa kulishuhudia.

Nitaambiwa, kama nilivyoambiwa mara nyingi, kwamba alikuwa akiwaimbia Waingereza, na kwamba insafu yataka asikilizwe na wanaomlipa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu laiti Waingereza hao wangekuwa wamemkataa kwa Kiswahili. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda: kanda yake, iliyorekodiwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam, ilichukuliwa ikafikishwa kwa watu wa tamasha la WOMAD huko Uingereza, wakaisikia, pasipo kuelewa hata neno moja, wakamwita mwaka 1988 azunguke nao, mwaka uliofuata wakamtolea albamu ya Kiswahili, ikapendwa. Hapo hapakuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa. Aliyeleta dawa, awe nani, aliileta kwa mtu mzima wa afya. Na mdomo uliokubali kuinywa ulikuwa wa Dokta mwenyewe, ndiyo sababu namlaumu yeye, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake.

Fauka ya hayo, waliomtangulia walikwisha kuonyesha njia. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka mwaka 1970, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, akarudi akaendelea kutunga kama alivyokuwa akitunga, na "Shida" ikapendwa hadi Kenya kwa Kiswahili chake kile kile. Rashid Hanzuruni wa Western Jazz, bendi iliyoasisiwa na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, hapa karibu yetu, alilifanya gitaa lake liseme kwa mwendo wa Saboso, na hakuna aliyehitaji tafsiri. Salum Zahoro na Kiko Kids wa Tabora, Shem Karenga na "Dada Asha" ya Tabora Jazz, hao wote walikuwa na vyombo duni kuliko vya Real World mara kumi, walisimama wote pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, wakapiga wimbo mzima kwa mara moja, na mwimbaji alijua kwamba akikosea, wenzake wote watarudia; hofu hiyo ilizaa umakini ambao siuoni katika rekodi za vipande vipande. Nimelisema hili tangu zamani na nitaendelea kulisema. Kadhalika lile la chemko: wimbo wa dansi wapaswa kuingia polepole, useme, halafu ufunguke, na kuukata kabla haujachemka, eti dakika zimekwisha, ni kuondoa sufuria jikoni wali ungali na kiini.

Mazuri ya Mambo nayaandika hapa kwa haki yake: "Dodoma" imesimama vizuri, "Mrema" ina mapigo thabiti, magitaa ya Matimila yanasikika kila moja mahali pake.

Vijana wa Geita na Kahama siku hizi wananiuliza kwa nini nashikilia kosa la zaidi ya miaka 30 iliyopita, ilhali Remmy mwenyewe alikwisha kuuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za injili, na alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Nalishikilia kwa sababu nawaona wao nao wakingoja albamu, ambazo hutolewa wimbo mmoja mmoja hata zikamalizika kabla hazijatoka, na katika kila moja wanajua kabla ya kusikia kwamba upo wimbo mmoja ama miwili ya kuwaimbia watu wa mbali, kwa lugha ya mbali, nao huuruka. Huuruka kwa kidole tu, juu ya simu. Kwetu sisi haikuwa rahisi hivyo. Kanda niliyoinunua katika duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, ilikuwa imerudufiwa vibaya, upande wa pili ukaishia katikati ya wimbo, nami niliipeleka Nyarugusu hivyo hivyo, kwa kuwa rafiki zangu wa duara walikwisha kuingoja muda mrefu. Ilikuwa jioni, kazi imekwisha, watu kumi na wawili wameketi kwenye kifusi, chai inapita. Nyimbo za kwanza zilisikilizwa kwa heshima, kisha "One World" ikaanza, na mzee mmoja aliyekuwa mshika kamba wa duara lile, mtu aliyekuwa akizijua nyimbo za Remmy neno kwa neno hata akazikariri wakati wa kuteremsha wenzake chini, akageuza uso wake kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka mjini, akauliza, "Mwalimu, hapa Dokta anasemaje?" Nikamwambia anasema dunia ni moja. Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza. Akatikisa kichwa taratibu, akaitoa kanda redioni, akaingiza kalamu katika tundu lake ili betri zisiliwe bure, akaizungusha nyuma hadi kwenye "Mrema".