Kuuza Tamasha la Watoto kwa Vipande

Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, kwa miaka mingi ilibeba jina la bia. Kilimanjaro Premium Lager ndiyo iliyokuwa mdhamini mkuu, na kilomita 42 zikawa zake. Kilomita 21 zilikuja kuitwa kwa jina la kampuni ya simu ya Tigo. Zile kilomita 5 za kujifurahisha, ambazo wazazi hukimbia na watoto wao, kwa misimu kadhaa zikawa za Grand Malt, kinywaji kisicho na kilevi. Yeyote anayehangaika kutafuta wadhamini wa siku ya watoto mtaani kwake autazame vizuri mgawanyo huo. Kila umbali ulipata mwenyewe, na kila kampuni ikawa na mbio inayotajwa kwa jina lake bila kugombania bango na nyingine.

Mitaani tunafanya kinyume. Kamati huandika barua moja ya kuomba "udhamini", ikataja jumla ya bajeti, ikarudufiwa na kusambazwa kila ofisi yenye geti. Afisa masoko akiisoma haoni nafasi yake iko wapi, wala haelewi wengine wameombwa nini. Anaiweka pembeni.

Ivunjeni bajeti kwanza: maji, hema na viti, fulana, huduma ya kwanza, zawadi, chakula. Kisha kila kipande kipelekwe kwa anayekimudu. Tuseme mnategemea watoto 300, kila mmoja chupa mbili za maji. Hizo ni chupa 600, yaani katoni 25 za chupa 24. Barua ya kiwanda cha maji iombe katoni 25 za nusu lita, zifike uwanjani Ijumaa alasiri. Iseme pia kwamba jina la kiwanda litakaa kwenye meza zote za maji, na maji ya kampuni nyingine hayataingia. Ukurasa mmoja unatosha. Ombi la namna hiyo meneja wa tawi anaweza kulimaliza mezani kwake. La fedha taslimu mara nyingi hulazimika kupanda makao makuu, na huko ndiko barua nyingi zinakolala.

Fedha bado zitahitajika, maana kibali, nauli na walinzi havilipwi kwa katoni za maji. Hapo ningeanza na benki. CRDB wana akaunti ya watoto ya Junior Jumbo, na benki nyingine nazo zina za kwao. Uwanja uliojaa wazazi ni soko wanalolitafuta. Ila ichaguliwe benki moja tu, na iandikiwe mapema. Benki zetu hupanga bajeti kwa mwaka wa kalenda. Anayetaka tamasha la Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, barua yake iwe imefika Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ya Mei hukuta fungu limeshagawanywa.

Kabla ya barua ya kwanza, kamati ikubaliane nani hataombwa kabisa, kwa sababu kurudisha hundi iliyokwisha kupokelewa ni kazi ngumu mno. Sigara haina mjadala. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yanabanwa na kanuni za kimataifa za 1981. Kampuni za kamari nazo zikae mbali, hata zikija na fulana za bure. Kuhusu bia, njia ya Moshi ilikuwa ya busara, lakini Grand Malt nayo ni ya TBL, kampuni ileile inayotengeneza bia ya Kilimanjaro. Marathoni kubwa ina gharama zinazoisukuma kwenye hesabu kama hizo. Tamasha la watoto 300 halina sababu ya kufika huko.

Mdhamini atataka picha. Hili lisichukuliwe kirahisi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na Kenya, kwa sheria ya 2019, inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Fomu ya kujiandikisha iwe na sehemu ya mzazi kukubali au kukataa picha, na mpiga picha aelekezwe nani asipigwe. Picha za meza, mabango na umati uliopigwa kwa nyuma zinamtosha mdhamini. Ziambatishwe kwenye ripoti fupi ndani ya wiki mbili, pamoja na risiti na idadi ya chupa zilizobaki, kwa sababu ripoti hiyo ndiyo afisa masoko atakayoipeleka kwa bosi wake Oktoba inayofuata.