Kiswahili Vinywani mwa Majini

Michezo ya video imekuwa sanaa kubwa katika zama zetu, na sanaa iliyo kubwa hustahili mhakiki. Wako wazee waidharauo kwa sababu huchezwa na watoto. Walakini hadithi za sungura na fisi nazo zilisimuliwa watoto, na hapana mwenye akili asemaye kwamba hazikuwa na maana. Insha hii yahusu mchezo mmoja uliotengenezwa Japani, ambao ulisifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja katika nchi nyingi. Sisi tusemao Kiswahili tuna haki ya pekee ya kuuhukumu, na sababu ya haki hiyo msomaji ataiona punde.

Mchezo huo huitwa Resident Evil 5. Kwao Japani jina lake ni Biohazard 5. Kampuni ya Capcom ya mjini Osaka iliutoa mwezi Machi mwaka 2009. Wenzake wa kwanza, walioanza kutoka mwaka 1996, walikuwa visa vya kutisha vya usiku: jumba kuu lenye giza, milango inayolia, na risasi za kuhesabu. Huu wa tano uliliacha giza ukaingia katika jua la Afrika. Askari Mmarekani, Chris Redfield, afika katika nchi ya kubuniwa iitwayo Kijuju, nayo yasemwa iko Afrika Magharibi. Huko apokewa na Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika, mwenziwe katika jeshi la kupambana na silaha za maradhi. Wenyeji wa Kijuju wametiwa vimelea na wafanyabiashara waovu. Akili zimewatoka, nao humrukia kila mgeni kwa mapanga na mashoka. Mchezo wawaita Majini. Na Majini hao, wanapopiga kelele, hupiga kelele kwa Kiswahili.

Katika Kibera, jijini Nairobi, kuna kijiji kiitwacho Soweto West. Jina lake limetoka mbali, katika mitaa ya Johannesburg, lakini lugha ya njia zake ni Kiswahili: ndicho cha kuuzia maji, cha kugombania kodi ya nyumba, cha kuombea na cha kubembelezea mtoto. Vibanda vya michezo havikosekani katika mitaa ya namna hiyo. Ni chumba cha mabati, televisheni moja au mbili, benchi, na mwenye kibanda apokeaye shilingi mlangoni. Kwa kawaida mchezo utawalao humo ni kandanda. Lakini ukiwekwa mchezo huu wa Capcom, vijana wawili waweza kukaa bega kwa bega, kila mmoja na nusu yake ya kioo, mmoja akiwa Chris na mwingine akiwa Sheva. Wakati huo hutokea jambo ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawakuweza kulipata kwa bei yoyote: wachezaji waelewa wanachosema wale wanaowapiga risasi.

Nitaeleza kwanza walivyosema wahakiki hao. Filamu fupi ya kuutangaza mchezo ilionyeshwa mwaka 2007. Ndani yake mzungu mmoja mwenye bunduki alionekana akiwaua watu weusi wengi katika mji maskini. Mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi wa habari za michezo katika jarida la Newsweek, naye mwenyewe mtu mweusi, alisema kwamba picha zile zilirithi mambo ya kale ya dharau juu ya Mwafrika, na kwamba watengenezaji wake walionekana kama hawana habari na historia hiyo. Maneno yakazagaa. Wengine walimwunga mkono, wengine wakamtukana. Mchezo ulipotoka, umati wa Kijuju ulikuwa umechanganyika kidogo kwa rangi. Bodi ya Uingereza ya kupima filamu ililichunguza onyesho moja lililolalamikiwa, la mwanamke mweupe akiburutwa, ikaona halina ubaguzi. Naye Glenn Bowman, mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Kent, alitoa rai kwamba kisa chenyewe kwa hakika chapinga ukoloni.

Wahakiki wa magazeti ya michezo, kwa upande wao, walijishughulisha zaidi na ufundi. Walisifu uzuri wa picha, wakasifu raha ya kucheza wawili. Walilaumu kwamba Chris hawezi kutembea huku akilenga shabaha, na kwamba Sheva, anapoongozwa na mashine badala ya mtu, hutapanya risasi na dawa. Walio wengi waliupa alama zaidi ya 80 kwa 100, na nakala zaidi ya milioni 7 zikauzwa. Basi sokoni ulishinda. Katika hukumu ulibaki na kesi isiyokwisha.

Nisiwe mdhalimu. Bowman hakusema ovyo. Ukikifuata kisa hadi mwisho, utaona kwamba wabaya wa kweli si watu wa Kijuju bali ni makampuni. Katika miaka ya 1960 wageni matajiri walifika katika nchi ya watu waitwao Wandipaya, wakagundua ua la ajabu chini ya ardhi, wakawanyang'anya wenyewe bustani yao ili watengeneze virusi. Miaka mingi baadaye kampuni nyingine yawadanganya wanakijiji kwamba yawachanja dawa, kumbe yawajaribia sumu. Mwafrika asomaye habari hizo hawezi kusema ni upuuzi. Mwandishi Mwingereza John le Carré aliandika juu ya jambo hilihili, majaribio ya dawa kwa maskini wa Kenya, katika riwaya yake ya mwaka 2001, The Constant Gardener. Na filamu yake ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera penyewe. Filamu ile nayo yawatanguliza Wazungu mbele na kuwaweka wenyeji nyuma yao. Hata hivyo aliye nyuma yuko mtu: mgonjwa ana jina, mtoto ana ndugu, na njia ya Kibera ni njia ya watu waendao kazini.

Kijuju hakuna watu waendao kazini. Hilo ndilo kosa la kwanza la mchezo kwa maoni yangu, nalo ni kosa la usanii kabla halijawa kosa la adabu. Ikiwa kampuni imewaharibu wanadamu, mtazamaji hana budi kuwaona wanadamu hao kabla ya kuharibiwa, au atalia juu ya nini? Mchezo wampa dakika chache tu za kupita katika soko ambalo tayari lina macho mabaya. Maisha yao ya awali yamefichwa katika karatasi ambazo mchezaji huziokota njiani. Moja ni daftari la kijana wa kijiji, aelezaye jinsi watu wake walivyobadilika baada ya kuchanjwa, wakaanza kuvaa mavazi ya vita ya mababu. Karatasi hiyo yajaribu kututolea udhuru wa vile visketi vya majani na mikuki tutakavyoviona. Ni udhuru dhaifu. Mwenye haraka hapiti akasoma daftari, lakini mkuki hauwezi kumpita asiuone.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo sikio letu lina ushahidi wake. Kwanza ramani. Kutoka Lamu hadi Dakar ni zaidi ya kilomita 6,000, na wenyeji wa Afrika Magharibi wana Kihausa, Kiyoruba, Kiwolof, na lugha nyingine mamia. Kuwapa Kiswahili ni sawa na kutunga kisa cha Wajapani kisha kuwasemesha Kihindi. Sidhani Capcom wangekisamehe kisa cha namna hiyo.

Pili majina. Ni dhahiri mtu fulani alifungua kamusi ya Kiswahili, na bidii hiyo naitambua. Kimelea kinachoruka kimeitwa Kipepeo. Zimwi lenye umbo la popo limeitwa Popokarimu, na kila nikilisikia jina hilo sina budi kucheka, kwa maana karimu ni mtu mpaji, asiyemnyima mgeni. Ukarimu wa popo yule ni kumrukia mgeni amwue. Kipepeo nacho kina heshima zake kwetu: kule Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993 wakulima hufuga vipepeo na kuuza nje, na mradi wao waitwa kwa jina hilohilo. Nchi yenyewe, Kijuju, imejengwa juu ya juju, neno ambalo wageni wa zamani walipenda kuliitia kila uganga wa Afrika Magharibi. Katika sikio la Mswahili lawa kama uchawi mdogo uliopewa mipaka na bendera.

Lakini neno kubwa ni Majini. Mchezo wenyewe hulieleza kuwa ni pepo wabaya kwa Kiswahili, kisha ukalitumia hata kwa mtu mmoja, kana kwamba ma- si dalili ya wingi. (Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, asipopewa habari, angedhani pia kwamba watu hao wako ndani ya maji.) Hayo ni ya sarufi, twaweza kuyaacha. Lililo zito ni kwamba katika pwani yetu jini si neno jepesi hivyo. Wako majini wa bahari na wa nchi kavu, wema na wabaya, Waislamu na makafiri. Hutajwa kwa majina, hufukiziwa ubani, hutakwa radhi. Jini akimpanda mtu, mganga hakimbilii panga. Humwuliza: u nani, watoka wapi, wataka nini? Yaani katika desturi yetu hata jini husemeshwa, akasikilizwa. Capcom walichukua jina, desturi ya kusemezana wakaiacha. Katika mchezo mzima hapana amwulizaye Jini jambo lolote.

Angalia pia nani asemaye nini. Sheva ni Mwafrika, na twaambiwa amewekwa kwa sababu wenyeji hawawaamini wageni. Lakini azungumzapo huzungumza Kiingereza. Josh Stone, mkuu wa askari wa Kiafrika, Kiingereza. Mwenye akili timamu asema Kiingereza; Kiswahili husikika hasa katika vinywa vya waliopotewa na akili. Sheva mwenyewe, tena, ni wa nafasi ya pili: achezaye kwa mara ya kwanza hana budi kuwa Chris, na hawezi kumchagua Sheva mpaka amalize mchezo mzima. Kijana mmoja wa Soweto West, nilipomwuliza aonavyo, hakunijibu kwa hasira wala kwa falsafa. Alisema, "Mwalimu, mwanzo tulicheka sana. Halafu nikaona, wanaoongea kama sisi ndio tunaowapiga." Akaongeza kwamba mchezo ni mtamu na angeucheza tena. Nayaona maneno yake yote mawili kuwa kweli, na mhakiki aliyelichukua moja akaliacha la pili ameuhukumu nusu yake tu.

Watetezi wa Capcom hutoa hoja moja isiyo ya kudharauliwa. Mchezo wa nne wa mfululizo, wa mwaka 2005, uliwaweka wakulima wa Hispania katika hali hiyohiyo, wakiitwa Ganado, yaani mifugo, nao wakipiga kelele kwa Kihispania, tena Kihispania cha Amerika badala ya cha kwao. Hispania haikulia, kwa nini Afrika ilie? Jibu langu ni la hesabu. Mhispania akiuzima mchezo ule ana mingine mingi ya kumwonyesha ndugu zake wakiwa wachezaji mpira, wafalme, mabaharia na wapenzi. Kijana wa Kibera hana ghala hiyo. Mtaa wake wenyewe umezoea kupigwa picha na wageni kama umati na taka, na mara chache sana kama mtu mwenye jina. Jambo likitokea mara moja kati ya mia ni tukio. Likiwa ndilo karibu peke yake, huwa picha rasmi.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakifai kwa michezo hii ila kwa makelele. Mwaka huohuo wa 2005, mchezo wa Marekani uitwao Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", ambao maneno yake ni sala ya Bwana. Mtungaji wa muziki wake ni Christopher Tin, Mmarekani wa asili ya Kichina. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zilizotungwa kwa michezo ya video. Mamilioni wasiojua hata neno moja la lugha yetu wamejifunza kuuimba.

Basi katika michezo hii miwili mashuhuri tumesikia Kiswahili kikiua na tumesikia kikisali. Bado sijakutana na ule ambamo mtu anaingia dukani, anaamkia, anauliza bei ya unga, anaambiwa, na anaona ni ghali.